Lugha isiyo na matusi

Tarehe 26 mwezi wa saba ilianguka Jumamosi. Nilikuwa nimesimama kwenye soko la Kenya (Kenya ya kwetu, mtaa wa Lubumbashi, si ile ya Nairobi), mkononi nina karatasi zenye nyota ya kijani, namweleza mama muuza bitoyo kwamba kuna lugha, Kiesperanto, ambayo mtu anajifunza bila kumnyenyekea mwenyewe, kwa sababu haina mwenyewe.

Mama alisikiliza kuliko mtu yeyote siku ile. Alikuwa anapanga samaki zake, kavu kama mbao, mikia yote upande mmoja, na chumvi imemganda vidoleni mpaka kwenye kucha. Maswali yake yalikuwa ya maana. Nani aliitengeneza? Daktari mmoja wa macho wa Warszawa, Ludwik Zamenhof. Lini? Kijitabu cha kwanza kilitoka siku kama ya leo, mwaka 1887. Ina shida? Kanuni za sarufi ni 16 tu, mama. Nilijibu harakaharaka kama mtoto aliyelala na daftari kabla ya mtihani.

Halafu akajifuta mikono kwenye kitenge, akaniangalia.

"Mwalimu, na kutukana? Batu bakikasirika, banatukaniana namna gani mu ile luga?"

Nikacheka. Nikamwambia, tena kwa fahari, kwamba hii ni lugha ya amani, matusi hatuna.

"Hamuna matusi?"

"Hatuna, mama."

"Basi ile haiko luga, papa. Batu benye habatukanane ni bafu tu."

Wafu. Akamgeukia mteja, na mimi nikabaki na karatasi zangu kwenye baridi ya mwezi wa saba, vumbi likinipita miguuni.

Wiki sita sasa sentensi hiyo inanila.

## Kuna viza?

Niseme kwanza jinsi nilivyofika pale, maana watu wa nyumbani kwangu mpaka leo hawajaelewa.

Nafundisha Kifaransa. Kiesperanto nilikipata kwenye simu, kwenye tovuti ya lernu.net, miezi ambayo mishahara ilichelewa na jioni zilikuwa ndefu. Nilianza kwa udadisi, nikaendelea kwa sababu kilinishika. Mtu aliyezaliwa kwenye lugha za Kibantu anakizoea haraka kwa jambo moja: kubandika. Chukua neno la hospitali, *malsanulejo*. *Mal* inageuza kinyume, *san* ni uzima, *ul* ni mtu mwenye hali hiyo, *ej* ni mahali, *o* inasema hili ni jina. Mahali pa watu wasio wazima. Sisi tunaosema "hawatatupikia" kwa pumzi moja, neno la namna hiyo halitutishi.

Kinachosumbua ni ile *n* ya mwisho inayobandikwa kwa mtendwa. Wanafunzi wangu waliichukia. Wakajifariji kwa maneno yanayofanana na yetu bila undugu wowote: *mi* ni mimi kweli, lakini *ili* ni wao, na *kiu* ni nani. "Kiu?" nauliza darasani, na nyuma kabisa mtu anajibu, "Ndiyo mwalimu, leta maji."

Darasa la kwanza walikuja watu 31. Sikuamini. Niliazima chumba, nikaandika ubaoni *Saluton*, nikaanza. Nusu saa haijafika, kijana mmoja mwenye koti zuri akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii lugha inatoa viza ya wapi?"

Nikaeleza kwamba haitoi viza. Kwamba wasemaji wake wametawanyika duniani, hawana nchi.

"Hawana nchi?"

"Hawana."

"Basi wanatupeleka wapi?"

Jumamosi iliyofuata walikuja 11. Mwezi ulipoisha walikuwa wanne, na mmoja wao, nadhani, alikuja kwa ajili ya mwingine.

Sikumlaumu yule kijana, wala simlaumu leo. Kwetu lugha hujifunzwa kwa kuwa upande wa pili kuna mlango. Kifaransa ni mlango wa ofisi. Kiingereza ni mlango wa Kasumbalesa, unavuka mpaka na kuendelea kusini. Siku hizi wapo vijana wanaojifunza Kichina kwa sababu ya migodi, na wanakula kwa hicho Kichina. Mimi niliwaletea lugha ambayo sifa yake kubwa ni kwamba nyuma yake hakuna dola wala kampuni. Nilidhani hiyo ndiyo sifa. Wao walisikia kwamba nyumba haina watu.

## Ahadi milioni kumi

Zamenhof alilijua tatizo hili kabla yangu, na dawa aliyoitafuta hunichekesha na kunihurumisha kila nikiikumbuka.

Kijitabu kile cha 1887, kilichochapishwa kwa fedha za mahari aliyoleta mkewe Klara, kilikuwa na vikaratasi vya kukata. Kila kimoja ni ahadi: mimi niliyetia sahihi naahidi kujifunza lugha hii, ikiwa itaonekana kwamba watu 10,000,000 wametoa ahadi kama yangu hadharani. Unajaza, unaweka jina na anwani, unamtumia daktari. Milioni kumi zikitimia, wote mnaanza pamoja na hakuna aliyepoteza muda wake.

Hesabu safi kabisa. Kila mtu anamngoja mwenzake, basi tungoje kwa utaratibu.

Milioni kumi hazikufika. Mwaka 1889 alipotoa orodha ya anwani za watu wa lugha yake, ilikuwa na majina 1,000. Lakini hao walikuwa wameshaanza bila kungoja wengine, walikuwa wanaandikiana barua, wanabishana juu ya maneno, wanapendana na kununiana. Mwaka huohuo Volapük, lugha ya padri Mjerumani Johann Martin Schleyer iliyokuwa na vyama vingi Ulaya, ilifanya mkutano wake Paris, na baada yake ikaporomoka, wafuasi wanataka marekebisho na mwenye lugha hataki iguswe. Zamenhof alikuwa ameandika tangu mwanzo kwamba lugha ya kimataifa ni mali ya wote kama lugha nyingine yoyote, yeye haki zake ameziacha.

Hadithi hii nilizoea kuisimulia darasani kama ushindi wa unyenyekevu. Baada ya yule mama nikaanza kuiona kwa upande mwingine. Lugha moja ilikufa kwa ugomvi. Nyingine ilipona, nayo kwa ugomvi: miaka ishirini baada ya kijitabu cha kwanza, mwaka 1907, likaja suala la Ido, lugha ya kukirekebisha Kiesperanto, na baadhi ya watu wakubwa wa harakati wakahama. Waliobaki waliwaita wenzao wasaliti. Kwa lugha gani, kama hatuna matusi?

## Kiswahili cha nani

Jibu nilianza kulitafuta nyumbani, maana mji wetu wenyewe ni jaribio la namna hiyo.

Mwaka 1910, reli inafika kutoka kusini na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, unapimwa mitaa, pale hapakuwa na bibi hata mmoja aliyembembeleza mjukuu kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hakikuwapo. Watu wa migodi walisajiliwa Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi, na vijiji vya humu Katanga. Nyumbani kila mmoja alikuwa na lugha yake. Kwenye kambi walihitaji moja, na wakubwa nao walihitaji moja ya kuamrishia. Kikawa Kiswahili, kilichofika huku zamani na misafara ya biashara kutoka mashariki. Hakikuwa cha mtu yeyote pale kambini, na kwa hiyo kikawafaa wote.

Unaona? Lugha ya hakuna mtu! Nilipofikia hapo nilifurahi, nikafikiri nimepata hoja ya kumrudishia mama.

Furaha ile haikumaliza siku mbili. Kiswahili chetu hakikuenea kwa kuwa hakina upande. Kilienea kwa sababu asiyekisikia hakuijua zamu yake, hakupata posho yake, na alipigwa bei mbaya sokoni. Kisha watoto wakazaliwa kambini, wakakichukua, wakakifanya cha kwao: *batu*, *bintu*, *ku kazi*, *njo vile*. Hakuna aliyewagawia karatasi zenye nyota.

(Hata hicho sanifu ninachoandikia hapa kilikaliwa mezani. Mwaka 1930 ilianza kazi kamati ya kukisanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki juu ya msingi wa Kiunguja. Kwa hiyo msomaji wa Tanga aliyeniandikia kwamba Wakongo tunakibomoa Kiswahili "cha asili", nampa pole. Na akija huku asishangae: akisema anasoma makala, watu watamuuliza gunia ni bei gani. Kwetu makala ni mkaa.)

Hoja ya mama ilikuwa bado imesimama palepale. Kiswahili cha Lubumbashi ni lugha kwa sababu watu wanaishi ndani yake, na watu wakiishi mahali wanagombana.

Na nilipolifikisha wazo hapo, likaniletea jambo ambalo sikuwa nalitafuta.

## Shati

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka minane. Tulikaa Likasi.

Jirani yetu alikuwa mama mshonaji. Yeye na mumewe wazazi wao walitoka Kasai, watoto wao walizaliwa palepale Likasi kama mimi. Kwetu sisi walisema Kiswahili. Usiku nilisikia Tshiluba chao kupitia ukutani, na nilikiona kama sauti ya nyumba, kama ilivyo sauti ya mvua kwenye mabati. Mama yule ndiye aliyetushonea sare za shule mtaa mzima. Kola za mashati alizishona mara mbili, kwa sababu alisema watoto wa lupangu letu, yaani ua letu, wanakamatana shingoni kila siku.

Kisha likaja neno. Wenye umri wangu mnalijua, wala sihitaji kusimulia siasa zilizolileta. *Bilulu.* Wadudu, ndivyo walivyoitwa watu wa asili ya Kasai. Likasemwa kwenye mikutano, likashuka barabarani, likafika mpaka kwetu watoto, tukalifanya wimbo wa kuchezea.

Nililiimba. Nimelizunguka wiki sita, sasa nalisema: nililiimba mbele ya mlango wake, na wenzangu, tukiruka kwa mguu mmoja.

Alitoka. Nilidhani atatupiga. Alikuwa na kitu mkononi, akanitafuta mimi kati ya wote.

"Kuya ukamate shati yako. Iko tayari."

Lilikuwa langu kweli, lililochanika kwapani wiki iliyopita. Alikuwa amelishona.

Baadaye nilipita stesheni na baba. Watu walikuwa wamelala pale, familia kwa familia, wengine kwa wiki nyingi, wakingoja treni za kuwapeleka Kasai ambako baadhi yao hawakuwahi kufika. Niliiona cherehani imefungwa kwenye blanketi, kamba imezungushwa mara nyingi sana, kuliko ilivyohitaji. Mwenyewe sikumwona. Au niligeuza uso, sina hakika tena.

Sasa nirudi kwenye lugha.

Kwenye karatasi yangu niliandika kwa herufi kubwa: LUGHA MOJA, AMANI MOJA. Niliichapisha, nikailipia fotokopi, nikaigawa. Mimi. Mtu wa Likasi. Kana kwamba sikujua kwamba lile neno lilifika haraka kwa sababu lilisemwa kwa lugha ambayo kila mtu alikuwa nayo. Halikuhitaji mkalimani. Aliyetukana alielewa, na aliyetukanwa alielewa hata zaidi, kwa kuwa ni Kiswahili alichokitumia kumwambia mteja kwamba kola itadumu.

Na shati nalo lilitolewa kwa Kiswahili hichohicho. Hapo ndipo ninapokwama kila usiku. Siwezi kusema lugha ya pamoja ilituponza, maana sijui kama bila hiyo angeweza kuniita.

## Alichosema Geneva

Nikaenda kumsoma tena daktari, safari hii bila kutafuta sentensi za kubandika kwenye karatasi.

Alizaliwa Białystok mwaka 1859, mji uliokuwa chini ya Urusi, wenye Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani. Aliandika baadaye kwamba nyumbani alifundishwa watu wote ni ndugu, lakini akitoka barabarani hakuona watu, aliona Warusi, Wapolandi, Wajerumani, Wayahudi. Hiyo nilikuwa naijua, kila mwesperanto anaijua. Nilikuwa naisimulia darasani, naigeuza kidogo, naweka Wabemba, Waluba, Wasanga na Walunda, na watu wanatikisa kichwa.

Nilichokuwa nakiruka ni mwaka 1906. Mwezi wa sita mwaka huo, Białystok, Wayahudi walishambuliwa na makumi wakauawa, kwenye mji wake mwenyewe. Miezi miwili baadaye alisimama Geneva mbele ya kongamano la waesperanto akawaeleza yaliyotokea. Na akasema jambo ambalo lingeniokoa na yule mama kama ningelisoma kwa makini. Alisema sisi si wajinga kama wengine wanavyotudhania. Hatuamini kwamba msingi wa pamoja utawageuza watu malaika. Wabaya watabaki wabaya. Alichotumaini ni kwamba watu wakizungumza na kujuana, utapungua ule ukatili unaotokana na kutojuana.

Kwa hiyo mwanzilishi aliahidi kidogo kuliko mimi. Mimi muuzaji niliiongezea bidhaa yake maji.

Ila hata hicho kidogo sikukimeza chote. Kutojuana? Sisi tulijuana. Alijua kipimo cha shingo yangu.

Mwaka mmoja kabla, Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, kongamano la kwanza la watu 688 lilikuwa limekubaliana kwamba Uesperanto ni juhudi ya kueneza lugha isiyoegemea upande, basi. Matumaini mengine yoyote ambayo mtu anayafunga kwenye lugha hiyo ni shauri lake mwenyewe. Zamani niliona azimio hilo baridi, la watu waliomwogopa mzee na ndoto zake za udugu. Siku hizi silioni hivyo. Labda walikuwa wanamlinda. Au walikuwa wanailinda lugha isidaiwe deni ambalo hakuna lugha iliyowahi kulilipa.

Binti yake mdogo, Lidia, alikuwa mwalimu na mhamasishaji kuliko sisi wote. Alizunguka Ulaya akifundisha, akafika Marekani, akarudi Poland mwaka 1938. Mwaka 1942 aliuawa Treblinka, na dada yake Zofia pia. Kaka yao Adam alikuwa ameshapigwa risasi mwaka 1940.

Karatasi zangu zilizobaki nimezitumia kuwashia mbabula, jiko letu la mkaa.

## Nikauliza

Sikuacha lugha. Nilifikiria kuacha, nisidanganye. Mwaka 2024, kongamano la dunia lilipofanyika Arusha, mara ya kwanza Afrika tangu yaanze mwaka 1905, niliangalia picha kwenye simu, nikaona waesperanto weusi, wengi, wanacheka kwenye jua la lugha yangu ya nyumbani, nikahuzunika kwamba nauli ya kupita Zambia mpaka Tanzania ilinishinda. Mtu anayehuzunika hivyo hajaacha.

Nilichofanya ni kuuliza. Niliingia kwenye kundi letu la kuzungumza, ambalo kwa kawaida ni salamu na picha za maua, nikaandika kwa Kiesperanto: mama mmoja wa sokoni Lubumbashi anataka kujua tunatukanana vipi.

Sijawahi kuona kundi lile likiamka namna ile. Mbrazili akaandika kwanza. Mburundi akafuata, halafu Mjapani ambaye miaka miwili alikuwa hajasema neno. Walikuwa kama wanafunzi ambao mwalimu ametoka darasani.

Kumbe yapo. *Fek!* ni uchafu wa kutamka ukijigonga kidole. *Azeno* ni punda, na punda ni punda kila mahali. Yapo na ya kwetu wenyewe, yasiyotafsirika. Wakikaa pamoja waesperanto na wawili wakaanza kusemeshana lugha ya kwao, wanaambiwa wanafanya *krokodili*, kufanya mamba. Na yule anayehudhuria kila kongamano miaka ishirini bila kuzidi salamu anaitwa *eterna komencanto*, mwanzaji wa milele. Nilipolisoma hilo niliguna. Kila mji una mtu wake wa namna hiyo.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kipande kidogo, *aĉ*, kinatamkwa "ach". Kinabandikwa katikati ya neno lolote na neno hilo linanuka palepale. *Domo* ni nyumba, *domaĉo* ni kibanda cha aibu. *Lingvo* ni lugha, *lingvaĉo* ni lugha ya ovyo. Nimekifundisha mara kumi kama sarufi, somo la viambishi, ukurasa fulani. Hata siku moja sikufikiri kwamba watu wa lugha ya udugu walikaa pia wakawaza: na wakitaka kudharau kitu, watatumia nini? Wakakiweka.

Mburundi akamalizia: "Mwambie mama tunagombana vizuri tu, hasa juu ya fedha za chama."

Mwambie mama. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na habari ya kumpelekea mtu. Mpaka siku ile nilikuwa na tangazo.

## Bitoyo

Nilirudi Jumamosi iliyopita, mikono mitupu. Baridi imekwisha, joto la mwezi wa tisa limeanza kupanda, na nzi nao. Alikuwa anawafukuza kwa kipande cha katoni.

"Mwalimu! Na nyota yako iko wapi?"

Nikamwambia nimeleta matusi.

Akasogeza ndoo, akanipa kiti. Nikamweleza kuhusu mamba, akacheka mpaka akashika kifua, akasema mamba wapo hata kwenye kwaya ya parokia yao, wakitoka tu mazoezini wanajitenga na lugha yao. Nikamweleza kuhusu *aĉ*. Nikatafuta mfano, na mfano uliokuwa mbele yangu ulikuwa mmoja tu.

"Samaki ni *fiŝo*, mama. Fisho. Sasa samaki mbaya, wa kutupa, ni *fiŝaĉo*. Fishacho."

Uso ukabadilika. "Bitoyo yangu?"

"Hapana mama, ni mfano."

"Mufano unaangalia bitoyo yangu."

Alikuwa anacheza, lakini si sana. Akalirudia neno polepole, akaliviringisha mdomoni. Fi-sha-cho. Akapenda ile *cho* ya mwisho, akasema inatoka vizuri mtu akiwa na hasira.

Mteja akaja wakati huohuo, mwanamke wa makamo mwenye kikapu, akainua samaki mmoja kwa ncha za vidole, akamnusa, akataja bei ya matusi kuliko neno lolote la Mbrazili. Mama hakubishana. Alinyoosha kidevu upande wa meza ya jirani, ambako naye anauza bitoyo, na ambaye nadhani wana kesi yao ya zamani.

"Ya bei ile iko kule, mama. Kule njo kuko fishacho."

Mteja hakuelewa, akaondoka. Jirani ndiye aliyesimama.

"Unasema nini?"

"Nasema Kipolandi," mama akajibu, bila kunitazama. Nilitaka kumsahihisha, nikanyamaza.

"Kama ni miye unatukana," jirani akasema, mikono kiunoni, "sema mu Kiswahili, nisikie."

Nikanunua bitoyo mbili kwa mama, na mbili kwa jirani. Hakuna aliyenipunguzia.